Mgodi na Anga

Watu wengi wasomapo kisa cha mwana aliyekataa kazi ya baba yake huwa wepesi wa kuhukumu: baba ni kizuizi, mwana ni shujaa. Homer Hickam, mwandishi wa Marekani, ameeleza kisa cha namna hiyo juu ya ujana wake mwenyewe katika Rocket Boys, kitabu kilichotoka mwaka 1998. Ubora wa kitabu hicho ni kwamba hukumu nyepesi haipati pa kusimama ndani yake.

Mahali pa kisa ni Coalwood, mji mdogo wa makaa ya mawe katika jimbo la West Virginia. Mji ulikuwa wa kampuni, na baba yake Homer ndiye aliyekuwa msimamizi wa mgodi. Mnamo Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, chombo cha kwanza kuizunguka dunia. Mvulana wa miaka 14 alikiona kikipita juu ya milima ya kwao, akaazimia kuunda roketi. Jaribio la kwanza lilivunja ua wa bustani ya waridi ya mama yake. Msomaji hucheka hapo, na acheke, maana yajayo ni mazito.

Baba huyu amechorwa kwa uangalifu mkubwa. Hakuwa na shahada ya uhandisi. Elimu yake aliipata chini ya ardhi, akaupenda mgodi kama nahodha apendavyo chombo chake. Alipotaka mwanawe asomee uhandisi wa madini, alikuwa akimpa kilicho bora kuliko vyote alivyokuwa navyo. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Mwana alipokataa zawadi ile, baba aliona kuwa amekataliwa yeye mwenyewe. Hata jina walikuwa nalo moja, Homer, ingawa nyumbani mtoto aliitwa Sonny.

Wala mwana hakutoka safi katika ugomvi huo. Fundi mmoja wa karakana aliyewasaidia vijana kutengeneza roketi aliondolewa kazini pale kwa amri ya baba, akateremshwa mgodini, na baadaye akafia humo. Mwandishi hafichi jinsi jambo hilo lilivyomlemea. Kurasa hizo, kwa maoni yangu, ndizo zenye uzito kuliko zote, kwani zinaonyesha kwamba matumaini ya mtu mmoja huweza kulipiwa na mwingine. Na baba yule yule mkali ndiye aliyewapa vijana uwanja wa kurushia, palipotupwa taka za mgodi. (Mama, aliyechora pwani ya bahari ukutani mwa jiko lake akiota kuondoka, anastahili makala yake peke yake.)

Mwaka 1999 kitabu kiligeuzwa filamu, October Sky, chini ya uongozi wa Joe Johnston. Herufi za jina la kitabu zikipangwa upya huleta jina hilo. Chris Cooper aliigiza baba kwa ustadi mno. Hata hivyo filamu imepunguza maana mahali pawili. Kwanza, baba amepewa jina la John, na ule uzito wa jina moja umepotea. Pili, mwana anaacha shule kwa muda ili achimbe makaa baada ya baba kuumia, jambo ambalo Hickam hakulifanya. Watazamaji husikitika sana hapo, lakini ugomvi umegeuka kuwa habari ya chakula cha nyumbani. Kitabuni nyumba haina njaa. Wawili hawa wanagombania kazi gani inastahili maisha ya mtu, na swali hilo mshahara hauwezi kulijibu.

Mwaka 1960 roketi za vijana zilishinda katika maonyesho ya sayansi ya taifa, na miaka mingi baadaye Hickam alifanya kazi NASA. Lakini ushindi huo haukumaliza shauri. Siku ya kurusha roketi ya mwisho, baba alifika uwanjani, naye ndiye aliyeiwasha kwa mkono wake. Mgodi wake hakuuacha.