Nani Alimwambia Akamate Kile Kidole?

Tuanze na lililoharibu lile somo la breli la mtihani wa staji, maana mengine mliyaona wenyewe. Mstari wa tatu wa ile karatasi uliandikwa "Mama analea watoto". Msichana, ambaye haoni, akasoma "Mama analia". Kabla hajalifikia neno linalofuata, mwanafunzi wetu wa master akamwinamia, akamkamata kidole cha shahada cha mkono wa kulia, akakirudisha nyuma na kukikandamiza juu ya ile herufi. "Hapa ni e. Sikia vizuri. E." Msichana akasema e. Wanajopo wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na mwisho wa staji tukaambiwa kwamba hapo ndipo mtahiniwa alipoonyesha ukaribu na mwanafunzi.

Mimi nasema hapo ndipo alipoanguka, na jopo likaanguka naye.

Kidole kilichosimamishwa hakisomi. Nukta moja ya breli ina kimo cha karibu nusu milimita, na kinachoipa ngozi habari ni ile hali ya kupita juu yake, kwa wepesi, kutoka kushoto kwenda kulia bila kusita. Kikandamize, nyama ya ncha inabonyea, nukta mbili zinavurugika na kuwa uvimbe mmoja usio na umbo. Kwa hiyo pale msichana aliposema e, hakuwa ameisoma. Alikuwa amemsikia mwalimu akiitaja, akarudisha alichopewa, kama anavyofanya mtoto yeyote mwenye adabu mbele ya wageni waliovaa tai.

Sasa niulize: nani kati yenu aliutazama mkono wa kushoto? Ulikuwa umeshatangulia. Msomaji mzuri wa breli hugawa kazi: wa kulia unamalizia mstari, wa kushoto umeshashuka kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata. Yule msichana anajua kufanya hivyo, na ni ufundi ambao watu wazima wengi hawaupati. Wa kushoto ulikuwa tayari kwenye mstari wa nne. Wa kulia ulipokamatwa, wa kushoto ulishtuka, ukaruka hewani, ukapoteza mahali pake. Ndiyo sababu mstari wa nne aliuanzia katikati. Mjumbe mmoja akasema mtoto amechoka. Hakuchoka hata kidogo: alinyang'anywa mikono.

Turudi kwenye kosa lenyewe, maana kosa lile lilikuwa zawadi kwa mwalimu anayejua kazi. E ni nukta 1 na 5. I ni nukta 2 na 4. Moja ni mwenzake aliyegeuzwa kwenye kioo, na kila anayefundisha breli amekutana na jozi hii, pamoja na d na f, h na j, r na w. Lakini mbele yetu alikuwa mtoto wa kibao na sindano. Hana mashine ya Perkins, ambayo inamwandikia herufi kama itakavyosomwa. Kwenye kibao anatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, halafu anageuza karatasi ili asome. Maana yake, kila anapoandika e, mkono wake unatoboa umbo la i. Mtoto wa namna hiyo akichanganya e na i, hajakosa akili wala usikivu. Kidole kimekumbuka njia ya sindano badala ya njia ya kusoma. Mtahiniwa alipaswa kulijua hilo kabla ya wengine wote, kwa sababu kile kibao alikigawa yeye mwenyewe.

Basi alipaswa kufanya nini? Kwanza, anyamaze. "Mama analia watoto" haikai sikioni mwa mtoto aliyekulia Kadutu au Bagira, hapa Bukavu. Angelifikia neno "watoto", angekwama, angerudi mwenyewe, na kurudi kule kungekuwa ndilo somo. Asiporudi, mwambie: "Soma tena kuanzia mwanzo wa mstari." Akikosea tena, mpe mstari mmoja wa mazoezi, e nyingi zilizochanganywa na i chache, azitenganishe kwa mwendo wake. Na kama lazima mikono ikutane, mkono wa mwalimu uwe chini na wa mtoto uwe juu, ili mtoto ahisi mwendo na aweze kujitoa wakati wowote anapotaka. Hiyo ni kanuni ya wiki ya kwanza.

Nimpe na haki yake. Maandalizi ya karatasi, mpango wa muda, sauti yake mvua ilipoanza kupiga mabati: safi kabisa.

Lakini kwa nini kijana mwenye akili kama yule akamate kidole? Kwa sababu yeye mwenyewe anasoma breli kwa macho. Mlimwona alivyoinamisha karatasi kuelekea dirishani ili nukta zitupe kivuli. Jicho linaiona seli nzima ya nukta sita kwa mara moja, pamoja na jirani zake wote wawili. Kidole kinapokea seli baada ya seli, kikiwa njiani. Anayesoma kwa jicho anadhani mtoto "hakuangalia vizuri", basi anamrudisha akaangalie. Nimeliandika jambo hili mara nyingi na nitaendelea kuliandika hadi wanaopanga programu wanichoke: mtu asiyesoma hata ukurasa mmoja kwa kidole asipewe darasa la breli.

Maisha ya hawa vijana nayafahamu. Asubuhi wako kwenye staji, mchana kwenye kozi, jioni wanapanda vilima vya mji huu kwa miguu kwa sababu hela ya pikipiki imekwenda kwenye fotokopi. Usiku wanatoboa karatasi za kesho, nukta kwa nukta, umeme ukiwa umekatika. Juu ya hayo yote kuna memwari, ile tasnifu ya mwisho, na memwari inataka nadharia ya ujumuishi, sura tatu, na sheria ya Kongo ya 3 Mei 2022 ya haki za watu wanaoishi na ulemavu inukuliwe kwa namba yake, 22/003. Hakuna anayewauliza vidole vyao vimesoma kurasa ngapi. Mwanafunzi anafanya kile kinachohesabiwa, na sisi tumeamua kuhesabu maandishi ya wino.

Badala ya kidole, tumewapa kitambaa. Mnaijua ile siku: wanafungwa macho kwa nusu saa, wanagonga meza, wanamwaga chai, wanacheka, wanatoka wakisema sasa wameelewa. Wameelewa hofu ya dakika 30 za kwanza, basi. Arielle Silverman, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwenyewe haoni, alilipima jambo hili pamoja na wenzake: waliofungwa macho kwa muda mfupi walitoka wakiamini zaidi kwamba wasioona hawawezi kazi na hawawezi kujitegemea, kuliko walivyoamini wale ambao hawakufungwa. Kule Ruston, jimbo la Louisiana, wanafunzi wa master wa Louisiana Tech wanaojiandaa kwa kazi hii hufungwa macho kwa muda mrefu kiasi cha hofu kuisha na ustadi kuanza: wanapika, wanavuka barabara, wanasoma kwa mkono, na miongoni mwa wanaowafundisha wako wasioona. Kitambaa ni kilekile. Tofauti ni muda, na nani anashika darasa.

Ugomvi huu wa jicho na kidole ni wa zamani kama kazi yenyewe. Valentin Haüy alifungua shule yake Paris mwaka 1785 na kuchapa herufi za kawaida zilizoinuliwa, kwa sababu jicho lake lilizipenda. Louis Braille aliingia shuleni hapo mwaka 1819 akiwa na miaka 10, na kufikia 1824 alikuwa na nukta zake sita, kwa sababu kidole chake kilizitaka. Akawa mwalimu palepale. Mwaka 1840 akaja mkurugenzi Dufau, mtu mwenye macho mazuri, akapiga nukta marufuku na kurudisha herufi za kutazamwa. Wanafunzi waliendelea kuziandika kwa siri hadi alipobadilishwa mawazo, na mwaka 1844 zikaonyeshwa hadharani jengo jipya lilipozinduliwa. Jopo letu lilikuwa na Dufau watatu. Hakukuwa na Braille hata mmoja, ingawa mjini humu wapo wasioona wenye diploma ambao wangeusikia ule mkono wa kushoto ukinyamaza kabla hata mtahiniwa hajasimama wima.

Na kwa kuwa tumefika hapo, lile kosa la namba katika somo hilohilo nalo silisamehe. Kitabu kilichotolewa kama msaada kimetoka upande wa Kenya, kimeandika 2 kwa mtindo wao: alama ya namba, nukta 3-4-5-6, halafu b. Sisi tunafundisha kwa Kifaransa, kwa tarakimu za Antoine, ambamo nukta 3-4-5-6 ni sifuri. Msichana alisoma "sifuri b", na alikuwa sahihi kabisa kwa jinsi alivyofundishwa. Mtahiniwa akasema "ukurasa wa pili" na kuendelea, bila hata sentensi moja ya kueleza kwamba vitabu vya majirani vina desturi nyingine. Kijana anayeishi mpakani atasoma vya pande zote mbili. Afundishwe zote mbili.

Hukumu yangu basi. Alama ya juu waliyompa hakuistahili. Ningempa ya kupita, kwa yale maandalizi, na ningemrudisha baada ya miezi mitatu na mtihani mmoja tu: ukurasa asioujua, taa imezimwa, kidole chake mwenyewe. Mjumbe wa jopo atakayeona sharti hilo ni kali, naye apewe ukurasa wake, aanze.