Mkono wa Kushoto

Dereva husifiwa kwa mkono wake wa kulia. Watu wakishuka Bungoma husema yule jamaa anajua barabara, anapita trela bila kutushtua, hapigi breki za ghafla. Mimi nataka kuusifu mkono wake wa kushoto. Mezani mkono huo haukaribishwi, wala huwezi kumsalimia mzee nao, lakini katika magari yetu ya usukani wa kulia ndio uliotwikwa kazi zote ndogondogo: gia, feni, hita, AC, redio. Shule ya udereva inaufundisha gia, basi. Mengine hayaulizwi kwenye mtihani. Ila panda Probox ya alfajiri kutoka Kitale kwenda Bungoma mwezi wa Julai, mbanane wanne nyuma mahali pa watatu, na kabla hamjafika Kiminini utakuwa umejua kama aliyewabeba ni dereva mzima au nusu.

Kinachowatofautisha kwanza ni kioo cha mbele. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mvua ikianza Aprili haiagi haraka. Alfajiri kioo kina baridi ya usiku mzima. Ndani kuna watu walionyeshewa wakingoja steji, makoti mabichi, gunia la sukumawiki la mtu, na pumzi za wote. Mvuke huo unatafuta mahali pa baridi pa kutulia, na pa baridi kuliko pote ni pale pale dereva anapotazamia. Dereva nusu hungoja mpaka haoni, kisha hupangusa kwa kiganja. Kiganja kina mafuta. Ukungu unarudi baada ya muda mfupi, mafuta yanabaki, na giza likiingia taa za lori linalokuja zinatapakaa kwenye ile michirizi mpaka barabara nzima inakuwa mwanga mtupu.

Dereva mzima hafikishi gari huko. Ninayemfikiria ni mtu wa makamo, mpole wa maneno, ambaye nimepanda gari lake kiasi cha kuacha kutazama barabara na kuanza kutazama vidole vyake. Kabla abiria wa mwisho hajafunga mlango ameshaelekeza hewa kwenye kioo, amefungua njia ya hewa ya nje, amewasha AC na kuzungusha hita hadi mwisho. Asiyejua atashangaa. AC kwenye baridi hii? Hewa ya nje na kunanyesha? Lakini AC, pamoja na kupoza, hukausha. Hewa inapopita kwenye mabomba yake ya baridi huacha maji pale, ndiyo yale unayoyaona yakidondoka chini ya gari lililoegeshwa, kisha hupitia kwenye hita na kutokea kiooni ikiwa kavu na yenye joto. Nayo hewa ya nje, hata ya siku ya mvua, ikishapashwa moto inakuwa na nafasi ya kubeba unyevu zaidi. Pumzi za watu waliofungiwa ndani hazina nafasi hiyo, zimeshajaa. "AC inakula mafuta," kondakta hunung'unika. Kweli inakula. Kioo kikitakata dereva anaizima, feni anaiteremsha hadi namba moja, na mabishano yanaishia hapo.

Hita, kwa upande wake, haili chochote. Joto lake ni maji ya injini yaliyopitishwa kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi. Na hapa nina ugomvi na baadhi ya mafundi wetu wa jua kali. Gari likichemka mara moja tu, wanang'oa thamostati na kuitupa, eti ndiyo inayoleta shida. Kazi ya thamostati ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta kubwa mpaka injini ipate moto wake. Ikitolewa, asubuhi ya Kitale injini inakokota bila kupata moto, inakula mafuta bila sababu, na hita inapuliza uvuguvugu mpaka Kamukuywa. Dereva wangu alinunua nyingine, akamsimamia fundi hadi ikafungwa mahali pake. Ndiyo maana kwenye gari lake anaweza kumgeukia bibi aliyeketi mbele na kumuuliza, "Kukhu, miguu imepata moto?" huku kidole gumba kimeshasogeza hewa chini.

Nikitaja kidole gumba sisemi kwa mapambo. Probox ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002 kama gari la kazi, na dashibodi yake ni ya kazi: vifundo vya kuzungusha, vikubwa, vyenye michoro ya kioo, miguu na uso. Kwenye gari la dereva wangu michoro imefutika kwa kushikwashikwa. Imebaki plastiki laini, nyeusi na yenye kung'aa. Haimsumbui. Anahesabu milio. Tak moja ni uso, tak mbili uso na miguu, na kuendelea mpaka kwenye kioo, ambako kifundo kinagoma kuzunguka zaidi. Macho hayajaondoka barabarani hata kidogo, na pale Kamukuywa, barabara inapoteremkia daraja lililokwisha kuua watu, hilo si jambo dogo.

Kuna kitufe kimoja ambacho madereva wengi wanakiogopa au kukisahau, kile chenye mchoro wa mshale unaojizungusha ndani ya gari. Ukikibonyeza, gari linaacha kuvuta hewa ya nje na kurudia ile ile ya ndani. Waliosafiri njia hii zamani wanajua thamani yake bila kuelezwa. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper pale Webuye kilianza kutengeneza karatasi mwaka 1974, kikafungwa 2009, na katika miaka ile yote msafiri alijua amekaribia Webuye hata akiwa amelala. Harufu ya kemikali ya kupikia mbao iliingia kwenye nguo na kukaa. Wakazi walilalamika kwamba moshi ule unakula mabati yao. Abiria waliishia kufunga madirisha na kuziba pua. Dereva mwenye gari la kitufe alikibonyeza mapema, kabla ya kuingia kwenye harufu, maana ukishaivuta ndani kitufe kitaihifadhi tu. Siku hizi kazi ya kitufe imehamia Bukembe, upande wa kiwanda cha sukari cha Nzoia, miwa inaposagwa na molasi inanuka barabara nzima, na Januari, vumbi la lori lililotangulia linapofunika kila kitu.

Sanaa ya kitufe hicho ni kukizima. Mwache mtu akisahau kilometa kadhaa, gari likiwa limejaa: kioo kinaanza kupata ukungu pembezoni, vichwa vinaanguka kimoja baada ya kingine, na dereva mwenyewe anapiga miayo bila kujua kwa nini. Hewa iliyotumika imemrudia. Dereva wangu akishapita tu anaachia, na abiria hawajui kwamba kulikuwa na jambo.

Redio ni habari nyingine, nayo inaanza Japani vilevile. Kule redio ya FM ilipangwa kati ya 76 na 90. Kwetu ni kati ya 88 na 108. Gari likiteremka Mombasa na kuletwa Kitale linaijua sehemu ndogo tu ya mwanzo wa anga letu, na sehemu iliyobaki ni kimya. Ndipo fundi wa redio hufunga ekspanda, kidude kidogo kwenye waya wa antena kinachoteremsha mawimbi yetu hadi pale redio ya Kijapani inapoweza kuyasoma. Ikiwa kinateremsha kwa 12, stesheni ya 100 utaikuta 88. Basi dereva huendesha na hesabu ya kutoa kichwani. Lakini angalia vizuri: redio yao ina upana wa 14, anga letu lina upana wa 20. Haziingiani. Ekspanda ya 12 inakupa mpaka 102 na kukunyima zilizo juu. Ya 20 inakupa za juu na kukunyima zote zilizo chini ya 96. Kwa hiyo kila mwenye gari la namna hiyo, siku ya kufunga ekspanda, alichagua watu ambao hatawasikia.

Kwenye njia hii uchaguzi huo si wa muziki peke yake. Trans Nzoia na Bungoma zimechanganya Wabukusu, Wasabaot, Wanandi, Wateso, Waturkana, Wakikuyu na wengine wengi. Kuna Sulwe FM ya Kibukusu, Mulembe FM, Chamgei na Kass za Kikalenjin, West FM ya pale Bungoma, na juu ya zote hizo Redio Taifa na Radio Citizen kwa Kiswahili. Unapofungulia stesheni katika gari lililojaa, umesema gari ni la nani. Baada ya machafuko ya 2007 na 2008 mtangazaji mmoja wa redio ya Kikalenjin alipelekwa hadi The Hague, kesi ikasitishwa Aprili 2016, na hakuna dereva wa huku asiyeijua habari hiyo. Nimeona mkono wa kushoto ukifanya kazi majira ya kampeni: mpigaji simu redioni anaanza kupandisha, bado hajataja kabila la mtu, na tayari stesheni imehama, inaimba rumba. Hakuna aliyelalamika. Nadhani kila mmoja alidhani redio imepoteza mawimbi yenyewe, maana bondeni hupotea kweli. Mawimbi ya FM hutembea kwa kunyooka, kilima kikisimama katikati basi.

Sasa nifike kwenye kile kilichonifanya niandike. Feni na redio ni mahasimu. Feni ikiwa namba nne inameza maneno. Ukiongeza redio ili ishinde, mnakuwa mnapigiwa kelele na vitu viwili. Asubuhi moja ya mvua, tukiwa tumepita Misikhu, redio ilianza matangazo ya vifo. Kwenu huenda hayo ni ya kusikilizwa nusu sikio. Huku gari huwa linanyamaza, kwa sababu kijiji kitatajwa, kanisa litatajwa, na mtu aliye pembeni yako anaweza kuwa ndiye anayetafutwa. Dereva aliteremsha feni hadi namba moja ili majina yasikike. Mara ukungu ukaanza kupanda kutoka pembe za chini za kioo. Nilimtazama. Hakupandisha feni. Alifungua dirisha lake upana wa vidole viwili, akaongeza hita kufidia baridi hiyo, akawasha AC, na kwa njia hiyo akanunua muda. Ukungu ulisimama chini kidogo ya mstari wa macho yake. Msomaji akamaliza jina la mwisho, na mahali pa ibada, na siku. Mama mmoja nyuma akavuta pumzi na kusema, "Huyo ni wa kwa akina shemeji." Feni ikapanda namba tatu, dirisha likafungwa, redio ikashuka ili mama apige simu.

Hayo yote yalichukua muda wa kupita vibanda vichache vya barabarani. Ninachokiita ufundi ni hicho: kuweka watu wasiochaguana katika chumba kimoja kinachokimbia, na kuamua kila dakika nani apate joto, nani apate hewa, nani asikie na nani asisikie, huku gari likibaki upande wake wa barabara. Kama mpishi anayepunguza moto kabla maziwa hayajapanda, kazi yake yote iko kabla ya tukio. Anayengoja tukio amechelewa.

Wazungu nao wameanza kulipima jambo hili. Mwaka 2022 gazeti la magari la Sweden, Vi Bilägare, liliwapa madereva kazi nne rahisi katika mwendo wa kilometa 110 kwa saa, miongoni mwake kurekebisha joto la gari na kutafuta stesheni ya redio. Ndani ya Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vifundo, kazi zilikwisha katika mita 306. Ndani ya MG Marvel R, mpya, yenye skrini ya kugusa, dereva alikuwa ameshaenda mita 1,372. Piga hesabu mwenyewe ni watu wangapi, ng'ombe wangapi na bodaboda ngapi ziko katika mita 1,372 za barabara kati ya Lugulu na Webuye.

Skrini hizo zimeshafika kwetu. Sheria yetu inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka minane, kwa hiyo dashibodi tambarare za nje zinatufuata kwa kuchelewa tu, na mafundi wa Kitale tayari wanafunga skrini kwenye Probox za zamani. Sitasema hazina faida. Zinakamata kutoka 87.5 hadi 108 bila ekspanda yoyote, na hapo hakuna lugha inayoachwa nje. Kondakta wa gari ninalolisema anaitaka sana. Amemletea dereva picha yake kwenye simu, akaeleza kuhusu video, kamera ya nyuma na ramani. Dereva aliitazama kwa adabu, akauliza sauti inapunguziwa wapi. Kondakta akamwonyesha mchoro mdogo wa kugusa, kwenye kona.

"Hapana," akasema. "Tafuta ile yenye kifundo."

Zipo, ila bei imezidi kidogo, na bado hawajaelewana nani atatoa hiyo tofauti.