Barua ya Dola 20,000: Jinsi Booker T. Washington Alivyomwomba Carnegie Maktaba

Tarehe 15 Desemba 1900, Booker T. Washington, mkuu wa shule ya Tuskegee katika jimbo la Alabama, Marekani, alimwandikia barua Andrew Carnegie, tajiri wa chuma aliyekuwa akiishi New York. Aliomba jengo la maktaba. Barua yenyewe haifiki maneno 250. Jibu lilirudi kwa posta bila kukawia: Carnegie alikubali kulipa gharama za jengo hadi dola 20,000, kiasi kile kile alichotajiwa. Washington aliichapisha barua hiyo nzima katika kitabu cha maisha yake, Up from Slavery, kilichotoka mwaka 1901. Kwa hiyo tunaweza kuiweka mezani na kuifungua sentensi moja baada ya nyingine.

Kazi hiyo ina faida kwetu. Shule, zahanati, misikiti, makanisa na asasi zetu zinaandika barua za kuomba mchango kila mwezi, na nyingi hazijibiwi. Mara nyingi lawama huenda kwa wafadhili, kwamba wana mkono wa birika. Mimi naamini tatizo kubwa limo ndani ya barua. Tunaeleza ukubwa wa shida, tukidhani shida ikiwa kubwa basi mchango nao utakuwa mkubwa. Washington alifanya kinyume. Alieleza ukubwa wa kazi iliyokwisha kufanyika, kisha akaonyesha pengo moja tu lililobaki, akalitaja na bei yake.

Kabla ya kushika kalamu

Barua hii haikuanza siku ilipoandikwa. Miaka kumi kabla yake Washington alikuwa amekwenda kumwona Carnegie kwa mara ya kwanza, na tajiri huyo hakuonyesha kuvutiwa sana na shule. Washington hakukasirika wala hakukata tamaa. Alijiwekea azma kwamba shule yake itathibitisha kwa vitendo kuwa inastahili msaada.

Kwa muda huo alijua pia anayemwomba ni mtu wa namna gani. Mwaka 1889 Carnegie alikuwa ametoa makala maarufu kuhusu utajiri, akidai kwamba tajiri anapaswa kugawa mali yake akiwa hai, na kwamba msaada uende kwa wale walio tayari kujisaidia. Hata maktaba zake alizitoa kwa masharti. Mji uliotaka maktaba ulitakiwa utoe kiwanja na uahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya thamani ya mchango kwa ajili ya kuiendesha. Mtu kama huyo ukimwandikia kwa kilio, unamwandikia mtu mwingine asiye yeye.

Sentensi kwa sentensi

Sentensi ya kwanza inamkumbusha Carnegie kwamba ombi hili amelitaka yeye mwenyewe. Siku chache kabla walionana nyumbani kwake, akamwambia alete ombi kwa maandishi. Kwa sentensi hiyo moja barua inaacha kuwa karatasi ya mtu baki na inakuwa mwendelezo wa mazungumzo.

Ya pili inataja watakaoitumia maktaba: wanafunzi 1,100, walimu na maofisa 86 pamoja na familia zao, na Watu Weusi wapatao 200 waishio jirani na shule. Tazama namba hizi zilivyo. Hazihesabu wenye dhiki. Zinahesabu watu watakaoingia mlangoni, na kila kundi unaweza kuliona kwa macho: darasa, nyumba za walimu, majirani.

Ya tatu ndiyo pekee inayotaja upungufu. Shule ina vitabu na majarida zaidi ya 12,000, zawadi za marafiki, ila haina mahali pazuri pa kuviweka wala chumba cha kusomea. Shida imetajwa mara moja, na imetajwa kwa namna inayoonyesha mali iliyopo. Msomaji anapata habari mbili kwa pamoja: kwamba wapo wengine waliokwisha kuiamini shule hii, na kwamba mchango wao hautumiki vya kutosha kwa kukosa jengo.

Ya nne inapanua upeo. Wahitimu wanakwenda kufanya kazi kila pembe ya Kusini mwa Marekani, hivyo elimu itakayopatikana katika maktaba hiyo itawainua Watu Weusi wote. Sentensi hii imekuja baada ya hesabu, wala haikuzitangulia. Angeiweka mwanzoni ingesomeka kama maneno ya jukwaani.

Kisha inakuja bei: takriban dola 20,000. Hakuandika "chochote ulichojaliwa". Mtoaji anapotajiwa kiasi anajua kinachotakiwa kwake, na anapata nafasi ya kusema ndiyo, hapana, au nusu.

Baada ya bei tu, barua inasema kwamba kazi yote ya ujenzi, yaani kufyatua matofali, uashi, useremala na uhunzi, itafanywa na wanafunzi wenyewe. Hapa ndipo penye moyo wa barua. Fedha ile ile inafanya kazi tatu: inaleta jengo, inafundisha vijana wengi ufundi wa kujenga, na ujira watakaolipwa unawawezesha kuendelea na masomo. Washington anafunga kwa kusema kwamba si mara nyingi fedha za kiasi hicho zinaweza kufika mbali hivyo katika kuinua watu, anaahidi maelezo zaidi yakihitajika, na anatia sahihi na cheo chake.

Yaliyoachwa nayo yana uzito. Washington alizaliwa utumwani, na mwaka 1900 Watu Weusi wa Kusini walikuwa wakinyang'anywa haki ya kura na kuuawa na makundi ya wazungu. Alikuwa na kila haki ya kuyasimulia. Katika barua hii hakugusa hata moja, wala hakumsifu Carnegie kwa neno. Mwalimu wake katika shule ya Hampton, Jenerali Samuel Armstrong, aliwahi kumpa ushauri kuhusu hotuba za kuchangisha fedha: kila neno libebe wazo. Ushauri huo unaonekana katika kila mstari wa barua hii.

Matofali yaliyo nyuma ya maneno

Sentensi kuhusu kazi ya wanafunzi ingekuwa ahadi tupu kama isingekuwa na historia. Tuskegee ilifunguliwa mwaka 1881 ikiwa na wanafunzi 30. Serikali ya jimbo ilitenga dola 2,000 kwa mwaka, nazo zilikuwa za mishahara ya walimu tu. Walipoamua kufyatua matofali yao, tanuri la kwanza liliharibika, la pili likaharibika, na la tatu likaporomoka. Washington akaweka rehani saa yake kwa dola 15 ili wajaribu tena. Tanuri la nne liliiva. Kufikia wakati anaandika kitabu chake, wanafunzi walikuwa wamefyatua matofali 1,200,000 katika msimu mmoja, na kati ya majengo 40 ya shule, yote isipokuwa manne yalikuwa yamejengwa karibu kabisa na mikono ya wanafunzi.

Kwa hiyo Carnegie aliposoma neno "matofali" hakuhitaji kuaminishwa. Hata jibu lake linaonyesha hivyo: alisema atalipa hati za gharama kadiri zitakavyokuja. Mtoaji wa namna hiyo anataka kuona kazi inavyokwenda, na shule yenye hesabu safi haina sababu ya kuliogopa sharti kama hilo.

Majaribio yanasema nini

Barua ya Washington ilikwenda kwa mtu mmoja. Asasi inayotuma barua elfu kadhaa kwa watu wasiofahamiana nayo ina kazi tofauti, na watafiti wameipima.

Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha jaribio ambamo washiriki walilipwa dola 5, kisha wakasomeshwa ombi la kuchangia shirika la Save the Children. Waliosoma habari za Rokia, msichana wa miaka saba wa Mali, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliosoma takwimu za njaa za Malawi, Zambia, Angola na Ethiopia walitoa dola 1.14. Waliopewa Rokia pamoja na takwimu walitoa dola 1.43. Takwimu za mamilioni zilipunguza hata mvuto wa mtoto mmoja.

Mbona basi namba za Washington hazikumdhuru? Naona jibu liko katika aina ya namba. Milioni tatu wenye njaa humfanya msomaji ahisi mchango wake ni tone baharini. Wanafunzi 1,100 na jengo moja la dola 20,000 ni hesabu inayofungika: fedha zikitoka, kazi inakwisha.

Mwaka huo huo Dean Karlan na John List walitoa matokeo ya barua zilizotumwa kwa watu 50,083 waliowahi kuchangia asasi moja ya Marekani. Walioambiwa kwamba kuna mfadhili atakayeongeza mchango sawa na wao walikuwa na uwezekano wa kutoa uliozidi wa wengine kwa asilimia 22. Lakini kuahidi kwamba mfadhili ataongeza mara mbili au mara tatu hakukuzidisha chochote. Naisoma hivi: mtoaji anataka kujua kwamba haingii peke yake, na akishajua hilo inatosha. Katika barua ya Tuskegee uhakika huo ulitoka kwa wanafunzi wenyewe na kazi ya mikono yao. Tukumbuke pia kwamba katika jaribio hilo, hata miongoni mwa watu waliowahi kutoa, waliojibu walikuwa kama wawili katika kila mia. Barua chache kujibiwa si ushahidi kwamba ombi ni baya.

Kuhusu Rokia nina neno la kusema waziwazi. Watoto wanaoonekana katika barua nyingi za aina hiyo ni wa kwetu, Afrika. Kisa cha mtu mmoja kina nguvu, na kwa sababu hiyo mwandishi anawajibika kuomba ridhaa ya mwenye kisa, kumwonyesha akiwa na heshima yake, na kueleza anachokifanya, wala si anachokikosa tu. Barua inayoleta fedha kwa kumdhalilisha mtoto imemuuza.

Turudi kwenye barua zetu

Chukua mfano wa kubuni ambao kila aliyewahi kupokea barua ya shule ataufahamu:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shule yetu inakabiliwa na changamoto mbalimbali ikiwemo upungufu wa madawati. Hivyo tunaomba msaada wako wa hali na mali ili kuwajengea wanafunzi mazingira rafiki ya kujifunzia. Ni matumaini yetu kuwa ombi letu litapokelewa."

Hakuna kosa la sarufi, na hakuna kitu cha kushika. Changamoto ngapi? Madawati mangapi? Msaada gani? Mfanyabiashara anayeipokea hawezi hata kujua aanzie wapi. Sasa tuiandike kwa njia ya Tuskegee:

"Mama Neema, shikamoo. Ulipokuja kwenye mahafali uliwaona watoto wa darasa la tatu wakiandika wamekaa sakafuni. Wako 75. Wazazi wameshachanga mbao za madawati 25, zimekauka na ziko stoo. Fundi amekubali kuwafundisha kazi vijana sita wa kijiji huku akiyatengeneza. Kilichobaki ni vyuma, misumari na ujira, shilingi 30,000 kwa dawati. Tunakuomba ulipie madawati 10, yaani shilingi 300,000, na watoto 30 watainuka sakafuni. Karibu stoo uzione mbao siku yoyote ya kazi."

Barua ya pili ina watu, ina kazi iliyokwisha kufanyika, ina kiasi, na ina mlango wa ukaguzi. Inamwita Mama Neema kwa jina lake na kwa heshima yake, na inamkumbusha alichokiona kwa macho yake mwenyewe. Kitu kimoja hakiwezi kuandikwa kwa ufundi wowote wa lugha: zile mbao lazima ziwe stoo kweli. Kama hazipo, kazi ya kwanza ni kikao cha wazazi. Barua itafuata.

Baada ya fedha kuingia

Mchango ukishapokelewa, asasi nyingi hunyamaza mpaka shida nyingine itokee. Hapo ndipo tunapopoteza zaidi kuliko katika barua mbovu. Washington anasimulia kwamba Collis Huntington, tajiri wa reli, mara ya kwanza alimpa dola 2, na mara ya mwisho, miezi michache kabla ya kufa, alimpa dola 50,000. Carnegie naye, baada ya maktaba, mwaka 1903 aliipa Tuskegee dola 600,000. Michango hiyo mikubwa ilitoka kwa watu waliokwisha kuona fedha zao za mwanzo zimefanya nini.

Kwa hiyo asasi yoyote inayotaka kuishi kwa michango iwe na daftari la waliotoa, hata aliyetoa shilingi elfu moja, na imwandikie kila mmoja barua isiyoomba kitu: fedha zako zilinunua hiki, hawa ndio wanaokitumia, hiki ndicho kilichochelewa na sababu yake ni hii. Barua hiyo ndiyo inayotayarisha njia ya ombi lijalo. Mwandishi mzuri wa barua za michango ni yule ambaye, siku anapokaa kuomba, tayari ana mengi ya kuonyesha.