Kushawishiwa na Kushawishika: Lugha ya Majaribu katika Kisa cha Floribert Bwana Chui

Kiswahili cha makanisa kina maneno mawili ambayo aghalabu hutumiwa kana kwamba yana maana moja: majaribu na kishawishi. La kwanza limeenezwa na Biblia ya Muungano ya mwaka 1952; la pili limezoeleka katika sala za Wakatoliki wa Afrika Mashariki. Yote mawili hufasiri neno moja la Kiyunani, peirasmos, lenye dhana mbili: dhiki inayompima mtu, na mvuto unaomwita atende ubaya. Tofauti ya maneno haya si ya kimadhehebu tu. Mjini Goma, tofauti hiyo inagusa maana yenyewe ya kukaa karibu na Yesu.

Neno majaribu, likitumika peke yake, humweka mwamini katika nafasi ya mtendwa. Goma imejaribiwa sana: wakimbizi na kipindupindu mwaka 1994, lava ya Nyiragongo mwezi Januari 2002, iliyoliangamiza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kisha M23, walioutwaa mji Novemba 2012 na tena Januari 2025. Si ajabu basi mahubiri yakimchora Yesu kama kimbilio, mahali pa kujisitiri hadi tufani ipite. Taswira hiyo ni halali, na Zaburi zinayo. Kasoro yake ni kwamba haimwachii mwamini tendo lolote ila kuvumilia.

Kisa cha Floribert Bwana Chui hakienei ndani ya taswira hiyo. Alizaliwa Goma mwaka 1981, akasomea sheria, akawa mwanajumuiya wa Sant'Egidio na kuwahudumia maibobo, yaani watoto wa mitaani. Akiwa afisa wa shirika la serikali linalokagua ubora wa bidhaa, alikataa fedha ili asiruhusu chakula kilichoharibika kuingizwa sokoni. Alitekwa na kuuawa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri mjini Roma.

Msimulizi anayesema tu kwamba Floribert alijaribiwa amesema nusu ya habari. Sarufi ya Kiswahili inatoa njia iliyo bora. Kauli ya kutendwa, kushawishiwa, hueleza lililofanywa na wengine. Kauli ya kutendeka, kushawishika, hueleza kama ushawishi huo umepata nafasi moyoni. Floribert alishawishiwa, hakushawishika. Ushahidi wa maisha yake umo katika tofauti ya viambishi hivyo viwili. Tena kishawishi hakiji kwa jina lake halisi: katika Kiswahili cha Kongo rushwa hujificha ndani ya neno matabishi, ambalo ni pia bakshishi ya kawaida, isiyomtia mtu haya.

Yawezekana kupinga kwamba dhana hizo mbili hazitenganiki. Waraka wa Yakobo, katika sura ya kwanza, huanza na dhiki na kufikia tamaa ya mtu mwenyewe kwa kutumia mzizi uleule. Yesu naye jangwani alishawishiwa kwa mkate baada ya kufunga siku arobaini. Njaa ndiyo iliyokipa kishawishi nguvu. Pingamizi hilo lina ukweli, na Goma inaushuhudia, kwa kuwa vita na ufukara huwa udhuru wa mengi. Lakini ukweli huo ndio unaodai maneno yote mawili yabaki hai. Mhubiri anayeiorodhesha rushwa pamoja na lava huigeuza kuwa maafa yasiyo na mtendaji, na hivyo kumwondolea msikilizaji wajibu wa kukataa.

Kwa Floribert, kukaa karibu na Yesu hakukuwa kufichwa na hatari. Ndiko kulikomfikisha kwenye hatari. Ukaribu huo ulipimwa kwa watu asiowajua, ambao wangenunua chakula kile sokoni na kukipeleka nyumbani kwa watoto wao.