Usukani wa 109

Land Rover 109 ikifungwa bol jointi mpya zote sita na bado ikatangatanga barabarani, lawama ya kwanza huliangukia duka la spea. Wakati mwingine duka lina hatia kweli. Tunduma ni mji wa mpakani, kuna spea za kila daraja, na bol jointi ya kopi inaweza kuja na koni isiyokaa sawasawa kwenye tundu lake. Lakini mara nyingi spea ni nzima. Gari lilikuwa limezeeka lote kwa pamoja. Uzee umeondolewa mahali pamoja, na ule uliobaki sasa unaonekana.

Mtu mwenye gari hapendi kuambiwa hivyo. Ametoa hela, ameona vyuma vipya vikiwa na grisi safi, anataka barabara inyooke.

109 ninayoizungumzia ni ya Series III, zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa ina umri wa miaka 40 hivi. Hizo 109 ni inchi za kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Gari la namna hii lingekuwa pambo la maonyesho kwingine, lakini katika mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lina kazi: kahawa na mahindi ya Mbozi, vilima vya Ileje, mteremko wa kwenda Kamsamba kwenye bonde la Rukwa. Likitoka huko linapanda lami ya TANZAM, katikati ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Kwenye vumbi dereva hawezi kujua kama usukani una kasoro, maana kila kitu kinatikisika. Lami ndiyo inayomsema fundi.

Yupo fundi mmoja pale Tunduma ambaye napenda kumtazama, na jambo la kwanza linalonivutia ni kwamba haanzi na spana. Anaanza na maswali. Inatangatanga ikiwa tupu au ikiwa na mzigo? Inavuta upande muda wote, au ukikanyaga breki tu? Ukitoka kwenye kona na kulegeza mikono, usukani unarudi wenyewe?

Swali la mzigo linaweza kuonekana la kupoteza muda, na ndilo lenye akili kuliko yote. Ekseli ya mbele ya Series imelazwa kidogo kwa nyuma, pembe ya kasta ya nyuzi 3, na ulalo huo ndio unaolifanya gurudumu lijirudishe katikati baada ya kona. Mwenye gari akiongeza majani ya springi nyuma ili abebe magunia zaidi, mkia unainuka, pua inainama, na sehemu ya zile nyuzi inapotea. Gari likiwa tupu linazurura. Likijazwa mahindi mkia unashuka na linatulia. Anayejibu "ikiwa na mzigo inakuwa nzuri, mzee" amekwisha kutaja ugonjwa bila kujua, na hakuna bol jointi itakayoutibu.

Kisha gari linachunguzwa likiwa chini. Vijana wengi hukimbilia jeki, lakini kiungo kilichoondolewa uzito kinaweza kuficha ulegevu wake. Fundi analala juu ya kipande cha boksi. "Dogo, shika usukani. Usiuzungushe, uchezeshe tu." Kijana anausogeza huku na huku, kidogo sana. Chini, kiganja cha fundi kinakumbatia kiungo kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio ule ule ambao nguvu ya mkono husafiri: kutoka steringi boksi hadi kwenye rilei, kutoka rilei hadi dragi linki, kisha tairodi inayounganisha magurudumu mawili. Anatafuta mahali ambapo upande mmoja wa kiungo umeshaondoka na wa pili bado unasita. Kiganja kinausikia mchezo ambao jicho halitauona. Anashika pia breketi ya boksi na chasisi yenyewe, kwa sababu bolti iliyolegea au ufa kwenye chuma huleta plei ile ile, na ufa hauuzwi dukani.

Nitakaa kidogo kwenye rilei, maana ndiko mafundi wanakotofautiana. Ni mtungi wa chuma uliopita wima ndani ya krosimemba ya mbele, juu una mkono unaopokea nguvu na chini una mkono unaoipeleka. Ndani kuna shafti, koni ngumu zilizopasuliwa nusu kwa nusu, na springi nene inayozisukuma koni zikandamize kuta. Kuifungua bila kuzifunga koni ni kujitafutia majeraha. Springi ile hufyatuka. Kuing'oa iliyoshikwa na kutu kunaweza kumaliza siku nzima, ndiyo maana bol jointi hubadilishwa zote na rilei ikaachwa. Wala si lazima ing'olewe. Fundi huyu hufungua bolti mbili za mfuniko wa juu zinazotazamana, moja ya kutilia oili na nyingine ya kutolea hewa, anajaza taratibu, kisha anasikiliza tena kwa kiganja.

Kwa nini watengenezaji waliweka koni za kukwaruzana kwenye usukani, wakati kila dereva anataka usukani mwepesi? Hapo ndipo ufundi wote ulipo. Series haikutoka kiwandani na msaada wa haidroliki. Kilichozuia magurudumu yasipigepige ni ukinzani uliopimwa. Rilei ina wake. Kingipini, ambazo gurudumu hugeukia juu yake, zina wake. Ukinzani ukipungua mno, gari likigonga shimo kwenye kasi, magurudumu ya mbele huanza kutetemeka kushoto na kulia na hayakomi mpaka dereva apunguze mwendo. Wenye magari hukimbilia wili balansi. Ukinzani ukizidi mno, usukani haurudi baada ya kona na dereva anapigana na gari njia nzima. Fundi anautafuta uzito wenye faida, uliopo katikati ya hayo mawili.

Hauchagui kwa kukisia. Anainua ekseli, anachomoa tairodi na dragi linki ili kila upande ubaki huru, halafu anatundika mizani ya springi kwenye tundu la mkono wa usukani na kuvuta. Mizani yenyewe ni ile ya kupimia nyama buchani. Watu hucheka wakiiona gereji, lakini kitabu cha kiwanda kinataka mizani ya springi, hakijasema itoke wapi. Anasoma namba pale mkono unapokuwa tayari unatembea, hajali pale unapong'oka. Kama ni ndogo, anaondoa shimu moja ya kingipini, anakaza, anavuta tena. Kazi hii anaifanya kabla ya kurudisha ile sili kubwa ya oili, kwa sababu sili mpya inabana, na ubanaji wake unaweza kumdanganya mpimaji kwamba kingipini ziko sawa.

Sasa tu ndipo inakuja alaimenti, ambayo wengine huanza nayo. Series inataka matairi yakaribiane mbele kuliko nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Ile 110 iliyotoka 1983 ina desturi tofauti, kwa kuwa magurudumu yake ya mbele huendeshwa na injini muda wote, na fundi aliyezoea moja huiharibu nyingine kwa nia njema. Anapiga alama ya chaki kwenye kila tairi la mbele, anapima kati ya alama hizo upande wa mbele, kisha gari linasukumwa kwenda mbele nusu mzunguko mpaka alama zile zile zifike nyuma, anapima tena. Rimu zilizopinda, na katika umri huu hazikosekani, hazimpotezi, kwa kuwa amepima sehemu ile ile mara mbili. Linasukumwa mbele tu. Likirudishwa nyuma viungo vinalegea upande wa pili na kipimo kinaharibika.

Steringi boksi ndiyo ya mwisho kuguswa, ingawa parafujo yake iko wazi na inashawishi. Kuikaza ndiyo njia ya mkato ya kuficha plei ya kwingine, na mimi naiona kuwa udanganyifu hata ikifanywa kwa huruma. Boksi hii imetengenezwa iwe na plei ndogo kabisa katikati, magurudumu yakiwa yamenyooka. Ukiikaza kupita kiasi inakwama hapo hapo katikati, mahali dereva anapokaa saa zote.

Na hapo ndipo spoki za usukani zinapoleta mtihani. Baada ya kazi yote, gari linanyooka lakini spoki zimelala upande. Njia rahisi ni kuchomoa usukani kwenye meno yake na kuurudisha ukiwa umenyooka. Dakika chache, mteja anafurahi. Boksi, hata hivyo, inabaki nje ya katikati yake, na gari litasafiri likitumia sehemu iliyolegea. Fundi anahesabu mizunguko ya boksi kutoka mwisho hadi mwisho, anairudisha nusu kamili, kisha anarudi chini kwenye bomba la dragi linki, lenye uzi wa kushoto ncha moja na wa kulia ncha nyingine. Analizungusha kidogo kidogo mpaka magurudumu yanyooke boksi ikiwa bado katikati. "Bosi, njoo uangalie spoki," anasema, huku akikaza klempu.