Luteni Usu Handakini

Tamthilia ya R. C. Sherriff, Journey's End, niliisoma mara ya kwanza nikiwa mwalimu kijana, nikadhani ni habari ya Kapteni Stanhope na chupa yake ya wiski. Safari hii, nikiwa mstaafu mwenye miwani mizito, nimemsoma Raleigh.

Sherriff hakuhadithiwa vita. Alikuwa afisa katika rejimenti ya East Surrey na alijeruhiwa Passchendaele mwaka 1917. Mchezo wake, uliooneshwa London mara ya kwanza Desemba 1928, unapita wote katika handaki moja karibu na St Quentin, Ufaransa, siku chache kabla ya shambulio kubwa la Wajerumani la tarehe 21 Machi 1918.

Raleigh ametoka shuleni juzi tu. Kazi yake ya kwanza ya maana ni kuvuka na askari kumi, pamoja na Osborne, wakamate Mjerumani wa kuhojiwa. Osborne ni mtu mzima, mwalimu katika maisha ya uraiani. Wenzake humwita Mjomba. Mateka anapatikana. Osborne na askari sita hawarudi.

Hapo namlaumu mwandishi. Uvamizi wenyewe hatuuoni. Jukwaa ni tupu, tunasikia mizinga tu. Wale kumi hatuwajui sura. Sasa, msomaji, utaupimaje uongozi wa kijana ikiwa wanaoongozwa hawasemi neno?

Lakini Sherriff ana jibu lake, nami nilichelewa kuliona. Usiku ule maafisa wanakula kuku na kunywa shampeni. Raleigh hayupo: amekwenda kula na askari wake. Anaporudi, Stanhope anamfokea vibaya sana.

Darasani nilimtetea Stanhope miaka mingi. Mkubwa ana meza yake, nilisema, na nidhamu huanzia mezani. Wala sikuishia kusema. Nilipokuwa mkuu wa shule ya bweni, mwanafunzi wetu mmoja alikufa maji. Mwalimu wa zamu alikuwa kijana mgeni, wiki yake ya tatu kazini. Usiku hakuja kwenye kikao cha walimu. Nilimkuta bwaloni, kabanana na wavulana kwenye benchi, anakula ugali na maharage yao. Nikamwita nje, nikamwambia anajivunjia heshima.

"Samahani, Mkuu," akasema. Kisha akarudi ndani kumalizia chakula.

Katika mchezo, mambo hayaishii kwenye kufokeana. Asubuhi kipande cha kombora kinampiga Raleigh mgongoni. Stanhope anaagiza aletwe chini, anamlaza kwenye kitanda cha Osborne, anamwita Jimmy, anamtafutia mshumaa. Muda wao ni mfupi mno, lakini wanaupata.

Yule kijana wangu aliomba uhamisho mwisho wa muhula. Fomu yake niliitia saini mwenyewe, na sikumwita ofisini.