"Ugali is being eaten by me": zoezi la kugeuza sentensi linatufundisha nini hasa?

Kama umesoma sekondari Tanzania, zoezi hili unalijua. Mwalimu anaandika ubaoni "I am eating ugali", halafu anaagiza: "Change into passive voice." Darasa zima linajibu: "Ugali is being eaten by me." Vema, alama moja. Sasa jiulize, tangu uzaliwe umewahi kumsikia mtu akisema hivyo? Hata kwa Kiswahili, nani anakaa mezani na kutangaza kwamba ugali unaliwa naye?

Tuwe wa haki kwanza. Zoezi hili lina faida zake. Darasa likiwa kubwa na ubao ni mmoja, ni rahisi kulitoa na ni rahisi kulisahihisha. Pia linamlazimisha mwanafunzi kukariri "eat, ate, eaten", na hilo halina njia ya mkato. Tatizo ni kwamba linaifanya kauli ya kutendwa ionekane kama hesabu: hamisha mtendwa mbele, weka "is being", badilisha kitenzi, malizia na "by". Mtu anaweza kupata kumi kwa kumi bila kujiuliza hata mara moja sentensi inasema nini.

Hasara yake inaonekana kwenye sayansi. Kuanzia kidato cha kwanza, baiolojia, kemia na fizikia zinafundishwa kwa Kiingereza, na vitabu vyake vimejaa kauli ya kutendwa. Nilipokuwa nasaidia wanafunzi masomo ya jioni, nilikutana na sentensi hii kwenye daftari la baiolojia: "Oxygen is using by the cells." Aliyeiandika alikuwa amefanya vizuri tu kwenye zoezi la kugeuza. Lakini kule alipewa sentensi ya kuanzia. Kwenye baiolojia hakuna aliyempa, ikabidi aijenge mwenyewe, na fomula ikagoma.

Je, kosa hili linatoka wapi? Kutendwa kwenyewe si kugeni kwake. Chukua neno "inatumiwa". Ndani yake kuna -na-, inayoonyesha kwamba jambo linaendelea, na -w-, inayoonyesha kutendwa. Kiingereza kina vipande hivyohivyo, ila kimevitawanya. Kazi ya -na- inafanywa na "is" pamoja na "-ing". Kazi ya -w- inafanywa na "be" pamoja na "used". Viunganishe: "be" inapokea "-ing", unapata "is being used". Mwanafunzi aliyeandika "is using" ametafsiri -na- akaisahau -w-. Amefika nusu ya njia, na fomula ya ubaoni haimwonyeshi nusu iliyobaki.

Kuna mtego mwingine. "The ice is melting" ni sahihi. "The water is boiling" pia ni sahihi. Kwa hiyo mwanafunzi anaona vitu visivyo na mikono vikipewa "-ing" bila shida, anajiambia basi na oksijeni "is using". Kiswahili chenyewe kinamchanganya zaidi, maana tunasema "oksijeni inatumika", na "tumika" inafanana kabisa na "yeyuka".

Lakini Kiswahili hichohicho kina dawa. Tofautisha "maji yanachemka" na "maji yanachemshwa". La kwanza ni "is boiling", la pili ni "is being boiled". Kipimo ni swali moja: na nani, au na nini? Yanachemshwa na nani? Na mpishi. Oksijeni inatumika na nini? Na seli. Jibu lipo, kwa hiyo "being" inahitajika. Barafu inayeyuka na nani? Swali lenyewe halikai. Na hii si sarufi tupu, ni sayansi: unatofautisha badiliko la kitu chenyewe na kazi iliyofanywa na kingine.

Kiswahili nacho kina mipaka yake. Ile -na- yetu ni pana mno. "Maji yanachemka kwa nyuzi 100" si tukio la sasa hivi, ni kanuni. Hapo jaribu hu-: ukiweza kusema "maji huchemka" bila maana kubadilika, Kiingereza kinataka "boils". Na "ninajua" haiwi "I am knowing" hata kidogo. Vitenzi vya namna hiyo vinahitaji somo lake.

Kwa mwalimu anayekasirika, kuna historia ya kumpoza. Waingereza wenyewe zamani walisema "the house is building" wakimaanisha nyumba inajengwa. Jane Austen aliandika hivyo. "Is being built" ilianza kujitokeza mwishoni mwa karne ya 18, na wengine waliichukia kweli. Mwaka 1870 Mmarekani Richard Grant White, kwenye kitabu chake Words and Their Uses, alitenga sura nzima kuishambulia. Leo "is using" ni kosa, sawa, ila si kosa la mjinga.

Pendekezo langu ni dogo. Kabla ya kugeuza sentensi, weka jiko, sufuria ya maji na kipande cha barafu mezani. Waulize wanafunzi: nini kinatokea chenyewe? Nini kinafanywa? Mtendaji ana umuhimu, au tumwache? Wataona kwamba mara nyingi "by" haihitajiki kabisa, kama ilivyo kwenye ripoti za maabara. Baada ya hapo zoezi la ubaoni litakuwa mazoezi ya kitu wanachokielewa.

Na ugali? Huo tuendelee kuula kwa kauli ya kutenda.